Krishnamacharya: Mwalimu wa Walimu wa Yoga

Siku hizi ukipita Dar es Salaam, Arusha au pwani ya Zanzibar utakutana na matangazo ya kozi za kuwa mwalimu wa yoga. Unasoma saa 200, wengine wanazimaliza ndani ya mwezi mmoja, unapewa cheti, unaanza kufundisha. Kipimo hicho cha saa 200 kiliwekwa Marekani mwaka 1999 na chama kinachoitwa Yoga Alliance, na sasa kimeenea karibu kila mahali. Jirani zetu wa Nairobi wanalo shirika la Africa Yoga Project, lililoanza mwaka 2007, ambalo limeshaandaa mamia ya vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Kwa hiyo tusidhani haya ni mambo ya watalii wa hotelini peke yao.

Sisi tunaosoma ualimu hapa chuoni jambo hili linatugusa kwa namna yake. Tunakaa darasani miaka mitatu, tunakwenda TP, tunaandika maandalio ya somo mpaka vidole vinauma, halafu tunarudi kitaa kusubiri majina ya ajira yatoke. Katikati ya safari hiyo swali moja huwa linakuja lenyewe, hasa usiku ukiwa umelala juu ya kitanda cha hosteli: hivi mtu anakuwa mwalimu lini? Siku anapopewa cheti? Siku anapoitwa mwalimu na mtoto wa watu kwa mara ya kwanza? Au baadaye sana, baada ya kukosea na kupoteza mengi?

Nimetafuta jibu kwa mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake, ingawa kazi yake imefika mpaka Paje na Kawangware. Anaitwa Tirumalai Krishnamacharya. Alikuwa Mhindi, aliishi miaka 100, hakuwahi kuvuka bahari kwenda kufundisha Ulaya wala Marekani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yoga inayofundishwa duniani leo inatoka kwa wanafunzi wake wachache. Maisha yake ni somo zuri kwa mtu yeyote anayetarajia kushika chaki.

Mtoto wa mwalimu

Krishnamacharya alizaliwa tarehe 18 Novemba 1888 katika kijiji cha Muchukundapura, wilaya ya Chitradurga, ndani ya ufalme wa Mysore, kusini mwa India. Ili uone ni zamani kiasi gani, mwaka huohuo ndipo Abushiri na wenzake wa pwani yetu walianza kupambana na kampuni ya Wajerumani.

Baba yake alikuwa mwalimu wa Veda, yaani vitabu vitakatifu vya Kihindu, na ndiye aliyeanza kumfundisha Kisanskriti akiwa bado mdogo sana. Lakini mtoto alipofika umri wa miaka kumi hivi, baba akafariki. Familia ikahamia mji wa Mysore, ambako babu wa ukoo wao alikuwa mkuu wa nyumba kubwa ya watawa iitwayo Parakala. Huko yule yatima aliendelea kusoma.

Alipokuwa kijana wa miaka kama 18 alikwenda Banaras, mji wa wasomi na mahujaji kando ya mto Ganges, kaskazini mwa nchi. Alirudi kusini, kisha akaenda tena Banaras mwaka 1914. Alisoma sarufi ya Kisanskriti, mantiki, falsafa na tiba asilia ya Kihindi iitwayo Ayurveda. Fedha hakuwa nazo. Kwa desturi ya wanafunzi wa dini wa wakati ule, aliruhusiwa kupita nyumba saba kwa siku kuomba chakula. Alichopata ni unga. Aliukanda kwa maji, akachoma mkate, akala, akarudi kwenye vitabu. Wanaolalamika boom likichelewa wiki mbili wafikirie hilo kidogo. Sisemi kwamba boom lichelewe.

Kufikia hapo alikuwa na vyeo vya kisomi kutoka vituo kadhaa. Kwa hesabu zetu za leo, huyu alikuwa mtu wa digrii zaidi ya moja. Lakini kitu kimoja alichokitaka hakikupatikana katika chuo chochote kati ya hivyo: yoga kamili, ya mwili, pumzi na akili, kutoka kwa mtu anayeiishi.

Miaka saba na nusu milimani

Sehemu hii ya maisha yake tunaijua kutokana na masimulizi yake mwenyewe, aliyowaambia wanawe na wanafunzi wake. Alisimulia kwamba aliambiwa kuna mwalimu anayeitwa Ramamohana Brahmachari, anayeishi na mkewe na watoto karibu na mlima Kailash, huko Tibet. Akavuka Himalaya kwa miguu, safari ya zaidi ya miezi miwili, akamkuta, akaomba kufundishwa. Akakaa pale miaka saba na nusu.

Angalia jinsi mafunzo yale yalivyokuwa. Hakukuwa na muhula, hakukuwa na UE wala supu. Aliishi ndani ya familia ya mwalimu. Alikariri maandiko ya yoga kwa moyo, hasa yale ya Patanjali. Alijifunza mikao ya mwili, ambayo kwa Kisanskriti huitwa asana, pamoja na namna ya kuvuta pumzi, kuishikilia na kuitoa, ambayo huitwa pranayama. Alijifunza pia kumpima mgonjwa kwa kumshika mshipa wa mkono na kutumia mikao kama sehemu ya tiba.

Mwishoni, kwa desturi ya Kihindi, mwanafunzi huuliza ada ya mwalimu. Mwalimu wake hakutaka fedha. Alimtaka arudi nyumbani, aoe, azae watoto na afundishe yoga. Basi. Hakupewa karatasi yoyote yenye mhuri. Alipewa kazi.

Watafiti wa leo wamelichambua simulizi hili na kuona kwamba baadhi ya tarehe zake hazishikani vizuri. Mimi nalichukua kama alivyolisimulia, kwa sababu linatuambia jambo la hakika: katika akili ya Krishnamacharya, mwalimu hutengenezwa na mwalimu mwingine, kwa muda mrefu, wakikaa pamoja.

Nyapara wa shamba la kahawa

Alirudi kusini. Mwaka 1925 alimwoa Namagiriamma, ambaye alikuwa bado binti mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Inasimuliwa kwamba alikataa nafasi za kisomi ambazo zingempa heshima na mshahara, kwa sababu alikuwa ameahidi kufundisha yoga.

Sasa hapa ndipo habari inapoanza kufanana na ya kwetu. India ya miaka ile ilikuwa chini ya Waingereza. Vijana wasomi walitaka ukarani na sheria. Yoga ilionekana ni mambo ya watu wa kale na wa mapangoni, na anayetaka kuishi kwa kuifundisha alionekana amechanganyikiwa. Krishnamacharya na mkewe walikuwa maskini kweli. Ilifika mahali akajitengenezea vazi kutoka kipande cha sari ya mkewe kwa sababu hakuwa na nguo nyingine.

Ndipo akachukua kazi katika shamba la kahawa wilayani Hassan. Alikuwa nyapara. Msomi wa Kisanskriti, mtu wa Banaras na Himalaya, anavaa kaptura na kofia, ameshika fimbo, anasimamia vibarua wanaochuma kahawa. Siku zake za mapumziko alizitumia kusafiri vijijini na mijini kutoa mihadhara na maonyesho ya yoga.

Nilipofika sehemu hii ya maisha yake nilikumbuka bonde letu. Mimi ni mtu wa Namawala, magharibi mwa Ifakara, na ninawajua kaka na dada waliomaliza shahada ya ualimu ambao leo wako kwenye mashamba ya miwa upande wa Kilombero, au wanaendesha bodaboda, au wanalima mpunga wa wazazi wao. Baadhi yao asubuhi wanakwenda shule ya jirani kufundisha kwa kujitolea, bila mkataba, wakilipwa kile wazazi walichochanga. Kijijini wanaonekana wameshindwa. Krishnamacharya naye angeonekana ameshindwa kama ungempiga picha mwaka ule shambani. Lakini Jumapili zake alizifundishia. Katika moja ya maonyesho hayo ya Hassan, mwaka 1927, mvulana wa miaka 12 alikaa akatazama, akavutiwa, na kesho yake akaenda kuomba afundishwe. Jina lake K. Pattabhi Jois, ambaye baadaye alifungua shule yake Mysore na kuuletea ulimwengu mtindo wa yoga unaoitwa Ashtanga.

Mwalimu wa ikulu

Mwaka 1931 Krishnamacharya aliitwa kufundisha katika Chuo cha Kisanskriti cha Mysore. Muda si mrefu wanafunzi walilalamika kwamba ni mkali kupita kiasi. Lakini mfalme wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar wa Nne, alishamfahamu. Mfalme huyu alikuwa mtu wa maendeleo na mpenda elimu, na alikuwa anaumwa kisukari. Krishnamacharya alimfundisha yoga, akapata nafuu, na mwaka 1933 akapewa ukumbi katika jumba la kifalme la Jaganmohan afungue shule ya yoga.

Huko ndiko alikofanyia kazi iliyobadili historia ya yoga. Wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana wa ukoo wa kifalme, wenye nguvu, wasiotulia. Huwezi kumweka mtoto wa miaka 14 akae kimya akitafakari saa nzima; kila aliyewahi kuingia darasa la Kidato cha Pili baada ya mapumziko analijua hilo. Kwa hiyo aliunganisha mikao kwa mfululizo, mkao mmoja unamwingiza mtu kwenye mwingine, kila hatua na pumzi yake. Mwaka 1934 alitoa kitabu kwa Kikannada kiitwacho Yoga Makaranda, chenye picha za mikao hiyo.

Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alionyesha kwamba pale Mysore yoga ilikuwa inapumua hewa moja na mieleka ya Kihindi na mazoezi ya viungo ya Kizungu yaliyokuwa yakifundishwa mashuleni na jeshini. Zama zile India nzima ilikuwa na homa ya kujenga miili. Mfalme wa Aundh, Bhawanrao Pant, alikuwa ameingiza mazoezi ya kusalimia jua katika shule za ufalme wake. Mwanawe, Apa Pant, alikuja Nairobi mwaka 1948 kuwa mwakilishi wa India huru katika Afrika Mashariki, akawa rafiki wa akina Koinange wakati Waingereza wanamtazama kwa jicho baya, na mwaka 1970 akaandika kitabu kuhusu mazoezi hayo ya baba yake. Unaona jinsi ulimwengu ulivyo mdogo.

Ili watu waje, Krishnamacharya alifanya maonyesho ya ajabu. Alisimamisha gari kwa mikono, aliinua vitu vizito kwa meno, aliwaonyesha madaktari jinsi anavyoweza kutuliza mapigo ya moyo wake. Wengine wataona ni mazingaombwe. Mimi naona ni mwalimu anayetafuta utangulizi wa somo. Tuliambiwa kwamba dakika tano za kwanza ndizo zinazolishika darasa.

Fimbo

Sasa tufike kwenye upande ambao waandishi wengi wanaomsifu huupita haraka. Krishnamacharya wa Mysore alikuwa mwalimu wa kuogopwa. Watu walipomwona barabarani walivuka upande wa pili. Darasani hakuvumilia uzembe, na alipiga.

Aliyeonja zaidi ukali huo ni shemeji yake, B.K.S. Iyengar, mdogo wa Namagiriamma. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 wakati wa homa kuu ya mafua, akakua mgonjwa mgonjwa: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Alikuwa na mikono kama vijiti na kichwa kilichomzidi mwili. Mwaka 1934 alichukuliwa kuishi Mysore kwa dada yake. Shemeji hakumwona kama mwanafunzi wa maana. Alimtuma kazi za nyumbani, alimwagilia bustani, na mwanzoni hakufundishwa karibu chochote. Mwanafunzi aliyetegemewa alipotoroka, ndipo Iyengar akaandaliwa haraka haraka kwa maonyesho. Siku moja mbele ya wageni aliamriwa kupasua msamba, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mkao ambao hakuwahi kuujaribu. Alitii, akaumia misuli ya nyuma ya paja, na maumivu yakamkaa kwa muda mrefu.

Mimi nilipofanya TP, katika shule ambayo sitaitaja, fimbo zilikuwa zinakaa kona ya ofisi ya walimu kama vifaa vya kufundishia. Nilisikia hoja zote: kwamba bila kiboko mtoto haelewi, kwamba sisi wenyewe tulichapwa na leo tuko chuo kikuu. Wapo wanaomtumia Iyengar kama ushahidi, maana alikuja kuwa mwalimu maarufu wa yoga kuliko wote katika karne ya 20. Lakini soma maisha yake mpaka mwisho. Mwaka 1937 alitumwa Pune kufundisha, akiwa kijana wa miaka 18 mwenye elimu ndogo ya yoga na woga mwingi. Mbali na ile fimbo, peke yake, akijifanyia majaribio juu ya mwili wake ulioumia, ndipo alipojifunza kwa undani. Akaanza kutumia kamba, matofali ya mbao, viti na mablanketi ili mtu mgonjwa au mzee naye aweze kuingia kwenye mkao bila kuumia. Kilichomfanya Iyengar ni maumivu aliyoamua kutomrithisha mtu mwingine, ingawa naye, wanasema waliofundishwa naye, hakuwa mpole sana darasani. Ukali unarithiwa kama kilema cha ukoo. Kuuacha kunahitaji kazi.

Mwanafunzi mwingine wa kukumbukwa alikuja mwaka 1937: Indra Devi, mwanamke aliyezaliwa Riga mwaka 1899 kwa jina la Eugenie Peterson. Krishnamacharya alimkataa. Alikuwa mgeni, tena mwanamke. Mfalme akaingilia kati, mwalimu akakubali shingo upande, akampangia ratiba ngumu ya kulala, kula na kufanya mazoezi ili akate tamaa mwenyewe. Hakukata. Baada ya miezi kadhaa mwalimu akageuka kabisa: alimfundisha kwa bidii, na alipojua kwamba anaondoka India, akamtaka naye awe mwalimu. Mwaka 1939 Indra Devi alifungua darasa Shanghai, na mwaka 1947 akafika Hollywood. Yule aliyekataliwa mlangoni ndiye aliyeipeleka yoga kwa wanawake wa Marekani.

Shule yafungwa

Mwaka 1940 mfalme alifariki. Mrithi wake hakuwa na hamu kubwa na yoga. Mwaka 1947 India ikapata uhuru, falme zikapoteza mamlaka, na shule iliyotegemea mfuko wa ikulu ikaanza kukauka. Wanafunzi walipungua. Mwaka 1950 ikafungwa kabisa.

Krishnamacharya alikuwa amevuka miaka 60, ana mke na watoto sita, hana kazi. Umri ambao mtumishi wa serikali kwetu anafuatilia mafao, yeye alikuwa anaanza upya. Aliitwa Madras, jiji ambalo leo linaitwa Chennai, kumsaidia mwanasheria mmoja aliyepooza kwa kiharusi. Alikubali, na huko akabaki maisha yake yote yaliyosalia.

Ni hapa Madras ndipo, kwa maoni yangu, alipokuwa mwalimu kwa maana kamili ya neno. Hakuwa tena na ukumbi wa kifalme wala wavulana wenye afya waliopangwa mstari. Waliokuja kwake walikuwa watu wa kawaida: mzee mwenye pumu, mama aliyetoka kujifungua, mtu asiyepata usingizi, mtoto mwenye ulemavu. Akawafundisha mmoja mmoja. Alimshika mtu mshipa, akamwangalia anavyotembea na anavyopumua, akamuuliza anakula nini na anafanya kazi gani, ndipo akampangia mazoezi yake. Mikao ileile ya Mysore aliibadilisha: magoti yakakunjwa kidogo, mtu mwingine akafanya amelala, mwingine amekaa kwenye kiti, mwingine akaanza na pumzi tu. Wale waliomjua zamani walishangaa. Alikuwa bado mkali wa muda na nidhamu, lakini ukali wa mkono ulikuwa umepoa.

Hata suala la dini, ambalo kwetu ndilo la kwanza kuulizwa yoga inapotajwa, alikuwa na namna yake. Yeye mwenyewe alikuwa Mhindu mcha Mungu kweli kweli na hakuficha. Lakini hakumlazimisha mwanafunzi kuabudu miungu yake. Alimwelekeza kila mtu afumbe macho na kumfikiria Mungu. Asiyeweza, alifikirie jua. Asiyeweza hilo nalo, awafikirie wazazi wake.

Mwanawe T.K.V. Desikachar, aliyezaliwa 1938, hakutaka kabisa kazi ya baba. Alisoma uhandisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mhitimu mwenye ajira inayomngoja, alimwona mama mmoja wa Kizungu akishuka kwenye gari na kumkumbatia baba yake hadharani kwa furaha, jambo ambalo katika familia ya Kibrahmini halikuwahi kuonekana. Mama yule alikuwa amelala usiku mzima bila dawa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Desikachar akagundua kwamba hajui baba yake anafanya nini. Akaacha uhandisi akaomba kufundishwa. Baba hakumpokea kwa mikono miwili. Alimpima kwanza kwa kumwamsha kila siku kabla ya mapambazuko. Mwaka 1976 Desikachar alianzisha Madras kituo kilichopewa jina la baba yake, Krishnamacharya Yoga Mandiram.

Mzee alipofika miaka 96 alianguka akavunjika nyonga. Alikataa upasuaji, akajitungia mazoezi ya kufanya akiwa kitandani. Mwanafunzi wa mwisho aliyempangia somo kulingana na hali yake alikuwa mwili wake mwenyewe. Alifariki tarehe 28 Februari 1989, akiwa ameshatimiza miaka 100.

Angefundisha nini Namawala?

Kila nikisoma habari za mwalimu wa mbali huwa najaribu kumleta nyumbani nione kama anafaa. Tuseme Krishnamacharya wa Madras, yule mzee, amefika Namawala mwezi wa pili.

Kijiji chetu kinajulikana na wanasayansi kuliko kinavyojulikana na Watanzania. Tangu zamani watafiti wa kituo cha Ifakara, kilichoanza kama maabara ya Waswisi mwaka 1957 na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, wamekuja kutega mbu kwenye nyumba zetu ili kujua malaria inavyoenea. Nilivyokua mimi, mtoto kukosa shule wiki nzima kwa homa haikuwa habari. Kwa hiyo yule mzee angekuta watoto wanaofanana na Iyengar wa miaka 15. Angewakuta akina mama ambao mgongo wao umepinda tangu alfajiri wakipandikiza mpunga, na wengine wanaolala kwenye dungu shambani kuamia ndege na nguruwe.

Mtu wa cheti cha haraka angewapanga mstari na kuwaambia wainame washike vidole vya miguu. Mama wa Namawala hahitaji kufundishwa kuinama; ameinama siku nzima. Krishnamacharya angemlaza chali, magoti yamekunjwa, amwambie avute pumzi taratibu mpaka mgongo ukumbuke kunyooka. Mtoto aliyetoka kuugua angempa pumzi na mapumziko, na yule mwenye nguvu anayerusha wenzake mchangani angempa mfululizo wa kumtoa jasho. Kitu kilekile, masomo matatu.

Hilo ndilo nililolipata kwake, na ndilo ninalotaka tulijadili sisi tunaotarajia kwenda madarasani yenye wanafunzi 80 au 100. Najua utasema haiwezekani kumfundisha mmoja mmoja katika darasa la watoto mia. Kweli, haiwezekani. Lakini inawezekana kujua nani ametembea kilomita sita hajanywa hata chai, nani haoni ubaoni, nani ametoka kuugua. Inawezekana kuiacha fimbo ofisini. Krishnamacharya alichukua miaka 30 hivi, kutoka Mysore mpaka Madras, kutoka kumtazama mwanafunzi kama chombo cha maonyesho mpaka kumtazama kama mtu. Alikuwa na elimu yote tangu mwanzo. Maandiko aliyakariri akiwa kijana. Kilichochelewa ni jicho la kumwona aliye mbele yake.

Cheti tutapata, Mungu akipenda, iwe cha saa 200 au cha miaka mitatu. Wengi wetu tutakaa kitaa muda fulani kabla ya kuitwa, na pengine tutakuwa manyapara wa mashamba ya watu. Basi kama ukiwa huko, na Jumapili kuna mtoto wa miaka 12 amekaa pembeni anakutazama, mfundishe vizuri.